Bas Ni ya Nani

Rumande, Mombasa
Alhamisi, 7 Septemba 2023

Kwako Arsalan, bingwa wa kulala chini,

Salamu nakupa, na ukizikataa zirudishe, huku rumande hatutupi kitu. Nawe afande unayesoma barua kabla hazijatoka, shikamoo. Huyu ninayemwandikia ndiye niliyempiga, usishangae.

Nasikia taya lako limefungwa waya kama lango la ghala. Nasikia chakula chako chapita kwenye mrija. Nilicheka mpaka mzee wa selo akanirushia kiatu. Kisha nikanyamaza, kwa sababu mashtaka niliyosomewa ni marefu kuliko mimi: kudhuru mwili vibaya. Mimi! Mimi niliyeingia uani kwa adabu zote, shati nimelivua, mikono mitupu, mwamuzi wetu mzee Abdulghafur akatukagua mpaka soksi.

Tukumbushane, maana huenda hizo waya zimebana na akili. Sheria ya ua wa ghala la kahawa waijua tangu tuna meno ya utoto. Wawili wenye ugomvi huingia. Hakuna silaha, hakuna wa kuwaachanisha. Ngumi hazikomi mpaka mmoja wao, kwa kinywa chake, aseme "bas", na Abdulghafur aisikie. Ikishasemwa, ugomvi umekufa: hakuna ndugu wa kulipiza, hakuna polisi, hakuna kinyongo. Isiposemwa, ua uko wazi, na ndugu aweza kusimama mahali pa ndugu. Tulizaliwa tukaikuta hivyo, na ndiyo maana watu wa Kuze na wa Kibokoni bado wanaamkiana.

Sasa nieleze wewe uliyefika chuo: kwa nini hukusema? Nilikupiga ya kwanza, ukasimama. Ya pili, ukayumba. Ukapiga magoti, nikangoja. Haki ya Mungu nilingoja. Ukanitazama mdomo umejaa damu, kimya. Nikasema moyoni, huyu kiburi hakijamtoka. Nikaendelea. Watu wanapiga kelele, "Aseme! Aseme!" nami kila nikikupiga nakupa nafasi, kama mwalimu anayengoja jibu. Mpaka ukalala kifudifudi kwenye vumbi na Abdulghafur akanikamata kiuno.

Na yote kwa ajili ya nini? Neno lenyewe! Tumekaa barazani na vikombe vyetu, nimesema "bas, twende", wewe ukainua kidole: bas ni neno la kwenu Wakachi, babu zako walikuja nalo kutoka Bara Hindi mpaka dukani, sisi Wagiriama wa Kaloleni tukaliokota sakafuni pamoja na misumari iliyomwagika. Hilo ningelimeza. Lakini ukaongeza kwamba mamangu Kache hata kuliokota hakuweza, kaidondosha herufi njiani, yuwasema "bai". Ukamwiga. Ukaiga sauti ya mamangu mbele ya watu. Sheikh, ngumi zile hazikuwa zangu, zilikuwa za Kigiriama.

Sema tu neno hilo, yaishe. Na kakako Suleman, aliyekimbilia polisi kama mgeni wa mji, mwambie aondoe kesi. Ukishasema, mimi nitakusamehe.

Ni mimi,
Kingi, ambaye hajasema bas tangu azaliwe

*

Kibokoni, Mji wa Kale
Jumatatu, 11 Septemba 2023

Kingi,

Wewe ndiwe wa kunisamehe mimi? Afande, kama unasoma, mwongezee mwezi.

Nakujibu kwa kalamu kwa kuwa sauti sina. Nikijaribu kusema hutoka mlio wa paka aliyefungiwa chini ya godoro. Nyanya Kulsumbai ananisagia kuku, wali, hata sambusa, vyote ndani ya mashine moja, kisha asimama juu yangu mpaka ninywe. Nikichoka namwashiria kwa kiganja, naye husema kwa niaba yangu, "Bas, bas, mtoto ameshiba." Kwetu neno hilo ni la sahani, la kufunga duka, la kumnyamazisha anayelia. Nimelala nalo, nimeamka nalo. Wewe ulilizoea kwetu tangu ulipoanza kubeba mabati dukani. Sijabadilisha kauli.

La mama yako nilikosea. Nalisema mara moja, usiniombe tena.

Umeniuliza kwa nini sikusema. Ngumi yako ya pili, Kingi. Nilisikia mfupa ukivunjika ndani ya sikio langu, kama mtu amekanyaga kombe. Tangu hapo taya halikuwa langu, lilining'inia. Uliponingoja nimepiga magoti, wadhani nilinyamaza kwa kiburi? Nilikuwa nautafuta ulimi wangu. Mdomoni nilikuwa na meno mawili yasiyo na pa kukaa, na damu ya kumeza ili nisipaliwe. Wasema ulikuwa unanipa nafasi. Ulikuwa unampa nafasi mtu asiye na kinywa.

Sasa, kuhusu kusema leo. Suleman alinijibu kabla sijauliza. "Ukilitamka," kaniambia, "utakuwa umewaambia watu kuwa ulivunjwa kwa haki." Jana aliwakusanya vijana wake nyuma ya duka. Anasema ua uko wazi. Wewe uko ndani, hakufikii. Lakini una kaka.

Sitaki Elvis aguswe. Wala sitaki kutangaza kwamba nimeshindwa na mtu ambaye mimi ndiye niliyemfundisha kuwa "kwa sababu" ni maneno mawili. Kwa hiyo nakaa kimya. Daktari mwenyewe ameamuru.

Arsalan

*

Rumande
Alhamisi, 14 Septemba 2023

Arsalan,

Pale pa mfupa nimepasoma, nikapasoma tena, nikalala bila kula. Usijivune. Chakula chenyewe kilikuwa maharagwe yenye mawe.

Asubuhi nikasema, mimi si mtu wa kushindwa kwa karatasi. Wasema neno ni lenu, na umesahau niko wapi. Mimi nilisoma mpaka kidato cha pili, nikaiacha shule kabla haijaniacha, na sasa niko chuo kikuu cha bure, malazi juu yao. Selo yetu ina mabaharia wa meli iliyokamatwa. Mmoja ni Muirani, mzee wa masharubu kama ufagio, Kiswahili chake ni "maji" na "wakili". Juzi jamaa tunayemwita Kabati, kwa ajili ya mabega, alilitaka blanketi la mzee yule. Akamkaba koo ukutani mpaka miguu ikaacha sakafu. Na neno lililomtoka mzee ni lipi? "Bas! Bas!" Sikuhitaji mkalimani. Nikampiga Kabati goti la tumbo, akanipasua nyusi kwa kijiko kilichonolewa, nikamng'ata sikio na sikuachia. Askari wakaingia na virungu wakatupiga sote kwa usawa. Hapo nikajua serikali haina ubaguzi.

Tukiwa tumelala kwenye saruji, kila mtu na nundu yake, nikafungua darasa. Muirani akasema kwao bas ni "inatosha", na ni neno la zamani mno. Myemeni akasema mama yake hulisema kikombe kikikaribia kujaa. Mpakistani, bas. Mmoja wa Msumbiji akasema Wareno waliwaachia "basta", hatukujua kama ni ndugu au wamefanana sura. Na askari naye nje ya mlango: "Basi! Nyamazeni!" Umesikia? Watu wa nchi mbalimbali wamelala chini wanavuja damu, na wote wana neno moja la kuomba huruma. Wewe wadai lilishuka na misumari ya babu yako.

Na hiyo bai ya mamangu ni neno lile lile, limevua viatu tu likaingia ndani.

Sasa maneno ya kiume. Elvis hajawahi kumpiga hata nzi. Anaendesha tuktuk Tudor, akiona paka barabarani asimama mpaka avuke, abiria wamtukane. Ugomvi ulikuwa wangu na wako. Suleman akimgusa, siku nitakayotoka sitatafuta ua wala mwamuzi. Nitamkuta popote, hata kama amelala. Afande, huu ni mzaha. Arsalan, si mzaha.

Sema neno. B ni ya midomo, s ni ya meno. Taya la nini?

Profesa Kingi wa Kuze

*

Kibokoni
Jumatatu, 18 Septemba 2023

Profesa,

Nilicheka kwa pua, waya zikanichana fizi. Nakudai.

Dada yangu Lamis ameniazimia kamusi kubwa, nimeshinda nayo. Wanaojua wanasema shina liko Uajemi. Muirani wako amesema kweli: bas, inatosha. Kutoka huko likaingia kwenye mazungumzo ya Waarabu, likaingia Bara Hindi, kwa wasemao Kiurdu, kwa Wagujarati, na kwetu Wakachi. Likafika pwani hii midomoni mwa wafanyabiashara, na ni mdomo gani ulitangulia hakuna ajuaye. Waswahili wakalitia i mwishoni, kwa sababu Kiswahili hakipendi neno lililoacha mlango wazi. "Basta" ya Wareno si ndugu, imefanana tu. Na basi la abiria ni jingine kabisa, Waingereza walikata mkia wa neno la Kilatini, omnibus, wakaupa magurudumu.

Kwa hiyo si lenu, wala si letu. Tumevunjana kwa ajili ya mali ya mzee mwenye masharubu ya ufagio.

Sina mengi. Joto ni kali. Nyanya Kulsumbai amesaga biriani, Mungu amsamehe. Huku kwetu ni salama. Nisalimie Muirani.

Arsalan

*

Rumande
Ijumaa, 22 Septemba 2023

Arsalan mnafiki,

Mamangu alikuja jana. Alikaa upande wa pili wa wavu, hakulia, na hapo ndipo nikajua ni jambo kubwa.

Tuktuk ya Elvis imechomwa. Jumamosi mchana kweupe, kituoni Tudor, watu wananunua mahindi ya kuchoma. Vijana wanne, na Suleman mbele yao, kofia kaivuta usoni kana kwamba Tudor hawaijui ile miguu yake ya bata. Wakamtoa Elvis kwa shingo ya shati. Wakamwaga petroli kwenye viti, wakawasha. Elvis, mjinga yule, akarudi kuuzima moto kwa mikono. Ngozi ya viganja vyote viwili imetoka kama ganda la kiazi cha kuchemsha.

Jumamosi! Nawe umeniandikia Jumatatu. Ulijua. Umekaa na kamusi ukanitembeza Uajemi na Ulatini, na nguo za kakako bado zanuka moshi. "Huku kwetu ni salama." Salama ya nani?

Leo asubuhi Kabati alicheka, sijui alicheka nini. Nikampiga kichwa cha pua mpaka pua ikahamia shavuni. Alipoanguka sikuacha. Sijui nilikuwa nampiga nani. Walinitoa juu yake askari watatu, na sasa nimetiwa selo ya peke yangu. Mkono wa kulia umevimba, ndiyo maana herufi zinalewa.

Mamangu alisema jambo moja akiinuka. "Bai, mwanangu. Bai." Hakumwambia askari, aliniambia mimi. Nikamjibu aende nyumbani, hajui mambo ya wanaume.

Ua uko wazi kwa ajili yako. Kinywa ni chako.

Kingi

*

Kibokoni
Jumatatu, 25 Septemba 2023

Kingi,

Nilijua. Nilijiambia nakuficha ili usije ukaua mtu humo ndani ukafia huko. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Ukweli ni kwamba niliona haya.

Jana nilisimama mbele ya Suleman, nikamwandikia kwenye karatasi: Ijumaa nitakwenda uani, nitasema. Akaichana. Nikajaribu kwa mdomo, hapo hapo dukani. Akawageukia vijana wake: "Mmesikia neno nyinyi? Mimi nasikia mtu anakoroma." Wakacheka. Wateja pia.

Nikamwendea Abdulghafur kwenye karakana yake ya masofa. Aliutoa msumari mdomoni, akanishika bega. "Mwanangu, mimi niko nawe," kasema, "lakini karatasi si kinywa. Neno lisikike uani, wazi, na Suleman awepo. La sivyo kesho atasema nimekula njama, na moto utahama nyumba." Waya zangu zatolewa katikati ya Oktoba. Suleman hatangoja. Ametangaza Ijumaa hii baada ya sala, Elvis aje asimame mahali pako. Asipokuja, watamfuata nyumbani kwa mama yako.

Elvis asije. Mhamishe yeye na mama, waende Kaloleni. Nakusihi, na unajua mimi si wa kukusihi.

Arsalan

*

Rumande
Alhamisi, 28 Septemba 2023

Arsalan,

Abdulghafur ndiye anayekuletea hii. Mpe chai.

Elvis amekuja wavuni. Hahami. "Wakichoma nyumba ya mama, nitaizima kwa nini?" ananiuliza, na kuninyanyulia viganja vilivyofungwa bandeji. Anakwenda. Aliniuliza ngumi hukunjwaje, gumba hukaa ndani au nje. Mtu mzima na ndevu zake. Nikamwambia nje.

Sasa sikiliza, sitarudia, na ukimwonyesha asiyehusika nitakana. Mimi nasema. Bas. Nimeandika, na nimelisema kwa sauti kwenye selo hii, panya ni mashahidi. Mimi niliyesimama nasema mimi ndimi niliyelala. Mpe Suleman aisome mbele ya watu, aibandike kwenye mlango wa duka, avutie wateja. Najua sheria, msemaji lazima awe uani kwa miguu yake. Lakini nitakujaje, nami nina pingu? Mwombe. Mimi kuomba sijui, ona hata barua yenyewe imekaa upande.

Kingi

*

Kibokoni
Jumapili, 1 Oktoba 2023

Kaka Kingi,

Hii ni kutoka kwa Lamis. Arsalan amerudishwa chumba cha upasuaji. Kabla hawajamwingiza aliniashiria nikuandikie, nami nakuandikia yote.

Wanawake hatuingii uani. Lakini nyumba ya shangazi ina dirisha linaloangalia pale, nasi wasichana tumeziona ngumi zenu zote tangu utotoni, msijidanganye.

Elvis alikuja peke yake. Barua yako Arsalan alimpa Suleman langoni. Hakuifungua, aliifutia jasho. Abdulghafur alipoziona bandeji akasema, "Huyu hana mikono. Simruhusu." Suleman akamsukuma, mzee akaanguka kwenye magunia. Tangu hapo, Kaka Kingi, halikuwa tena jambo la uani. Lilikuwa chinjo.

Ngumi ya kwanza ilimpata Elvis jichoni, naye akasema papo hapo. "Bas." Alilisema vizuri, tulilisikia mpaka dirishani. Suleman akampiga tena. Elvis akasema tena. Suleman akasema, "Ya kwako siitaki! Nataka ya ndugu yangu, na ndugu yangu mlimvunja kinywa!" Akamtupa chini, akamkanyaga mkono wa kulia kwa kisigino, akauzungusha. Elvis alikuwa akilisema neno mfululizo kama mtu anayehesabu tasbihi. Wanaume wote wale wamesimama, hakuna aliyesogea.

Ndipo Arsalan, aliyekuwa amekimbilia dukani, akaingia na koleo la kukatia waya, lile kubwa la dukani. Watu walirudi nyuma, wakidhani anakuja kumchoma mtu. Akalitia kinywani mwake mwenyewe. Tulisikia waya ikikatika, tak, kisha nyingine, kisha nyingine. Damu ikashuka kidevuni ikaingia kwenye kanzu. Akakifungua kinywa, na taya likateremka upande mmoja kama droo iliyotoka kwenye reli yake. Akasema. Halikuwa zuri, lakini lilikuwa neno zima. Akalirudia, macho yake kwa Suleman. Mara ya tatu hakulimaliza, akaanguka.

Abdulghafur akasema kutoka kwenye magunia, "Nimesikia." Na hapo ndipo wale wengine walipopata ndimi zao: "Tumesikia, tumesikia." Suleman akamwacha Elvis. Akambeba Arsalan mwenyewe mpaka kwenye gari, analia kwa sauti barabarani, na damu ya wote wawili imemjaa kifuani.

Elvis yu hai. Vidole vitatu vimevunjika, na jicho bado halijafunguka. Mama yako yuko naye. Suleman amesema ataiondoa kesi.

Ukiisoma hii usicheke.

Lamis

*

Rumande
Alhamisi, 12 Oktoba 2023

Arsalan,

Sikucheka. Mwambie Lamis.

Jana nilipelekwa kortini. Suleman alisimama, hakuniangalia, akasema nyumba yao haitaki kesi tena. Kiongozi wa mashtaka akajibu kwamba kesi si ya nyumba yao, ni ya Jamhuri. Nikamuuliza wakili kama Jamhuri nayo ilivunjwa taya. Akanikanyaga mguu. Hakimu ameahirisha mpaka mwezi ujao, kwa hiyo bado nakula maharagwe ya mawe.

Nawe umenishinda, mwizi mkubwa wewe. Miaka yote najigamba kwamba sijalisema neno lile, kumbe kuna mtu wa kulisema kwa namna ambayo ngumi zangu zote hazifiki. Ukinishinda tena kwa njia kama hiyo nitakupiga. Wamenirudisha selo ya wote, na Muirani nimemsimulia kwa mikono, koleo, waya, yote. Aliinuka akafunika uso.

Jambo moja. Elvis haji kuniona. Mama asema yuwalala mchana kutwa. Mwangalie kwa ajili yangu, ukiweza kutembea.

Kingi

*

Kibokoni
Jumatatu, 30 Oktoba 2023

Kingi,

Safari hii wamenitia bati la chuma na skrubu. Si za dukani kwetu, zetu zina kutu. Naweza kusema maneno mafupi.

Jana nilikwenda kwenu Kuze na Suleman. Suleman alikuwa na tuktuk nyingine, kainunua kwa kuuza gari, akaiendesha mwenyewe mpaka mlangoni kwenu. Mama yako alitukaribisha ndani, akatuwekea maji. Elvis alitoka, mkono umo kwenye plasta, akaitazama tuktuk, akamtazama Suleman. Suleman akaanza kusema. Sijawahi kumsikia kakangu akiomba radhi, hajui njia yake, alikuwa anajikwaa kila neno. Elvis akamwacha amalize.

Kisha hakumjibu yeye. Aliniuliza mimi: "Mimi ndiye niliyetangulia kulisema. Wangapi walisikia?"

Hakungoja jibu, Kingi. Akaingia ndani akafunga mlango. Tuktuk iko nje bado, ufunguo umo ndani yake, na hakuna anayeigusa.

Arsalan

*

Rumande
Jumatano, 8 Novemba 2023

Arsalan,

Hii haipiti mezani kwa afande. Abdulghafur ataitia ndani ya kiatu. Isome amesimama hapo hapo.

Elvis amekuja leo. Hakuketi. Hakuniuliza hali wala kesi. Aliniuliza mtu akiwa amekaa nyuma ya kaunta, kisu huingilia wapi. Kwa sauti ile ile anayomuulizia abiria anashuka wapi. Mkono wa kulia haushiki, kwa hiyo anaufunza wa kushoto kwenye gunia la mchanga nyuma ya nyumba. Mama adhani ni mazoezi ya daktari.

Nikamwambia, Elvis, limeshasemwa, limekwisha. Akasema, "Limesemwa kati ya nani na nani?" Nikamtolea mahubiri yote, neno la kale, mataifa yote hayo yanalijua, Muirani, kamusi yako. Aliningoja nimalize. Akasema, "Suleman nilimwambia. Wanaume wote wale niliwaambia." Mimi nina jibu la kila kitu, wanijua. Nilishika wavu nikatafuta hata mzaha mmoja.

Nikamdanganya kuhusu kisu. Nilimwelekeza pasipoua. Lakini mtu akichoma mara nyingi atapafikia.

Ni keshokutwa, Ijumaa, Suleman akirudi dukani kutoka msikitini. Atavaa shati la buluu la mikono mirefu. Kisu kitakuwa ndani ya plasta. Suleman asifungue duka, mtoe mjini kabisa. Mkae pale mlangoni mwa duka wewe na Abdulghafur. Polisi msiwaite, wakimchukua watamleta huku, na huku nimeona wanavyowafanya watu kama yeye.

Nimemchongea mtoto wa mama yangu kwa watu waliomvunja vidole. Tafuta kwenye kamusi yako jambo hili laitwaje.

Akija, mwanzo mshike mkono wa kushoto. Ana nguvu kuliko anavyoonekana. Atakung'ata, atakutukana, labda atakupiga kwenye taya. Mshikeni hivyo hivyo mpaka achoke.

Msimpige.

Kingi